KISIMA NA BAHARI: UHAKIKI WA MAJI KATIKA METHALI ZA KISWAHILI

Utangulizi

Methali ni miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi ya Kiswahili zilizowahi kukusanywa mapema. W. E. Taylor alichapisha mkusanyo wake wa methali na misemo ya Waswahili mjini London mwaka 1891, na tangu hapo wakusanyaji, wageni kwa wenyeji, wamefuatana, kila mmoja akiongeza kilichosahauliwa na mwenzake. Hata hivyo kazi ya kukusanya imetangulia mbali, na kazi ya kuhakiki imebaki nyuma. Aghalabu methali huorodheshwa kwa alfabeti, hupewa maelezo ya mstari mmoja au miwili, kisha huachwa hapo.

Katika madarasa ya Kenya methali hufunzwa kwa kugawanywa maana mbili, maana ya nje na maana ya ndani. Maana ya nje hutajwa kwa haraka, kana kwamba ni ganda la kumenywa na kutupwa, na maana ya ndani ndiyo inayotahiniwa. Mwanafunzi anayeandika insha juu ya methali "Maji yakimwagika hayazoleki" hutarajiwa kusimulia habari za kijana aliyeharibu maisha yake kwa pupa. Maji yenyewe, na aliyeyateka, na chombo yalimokuwamo, hayamhusu.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa desturi hiyo ina hasara, na kwamba hasara hiyo huonekana wazi zaidi katika methali zinazotaja maji. Hoja zitakazotolewa ni tatu. Ya kwanza ni kwamba methali mashuhuri za Kiswahili huyatazama maji kwa macho ya baharia na mvuvi kuliko macho ya mteka maji. Ya pili ni kwamba elimu ya kuyatunza maji matamu ilikuwako katika jamii ya Waswahili, ila ilihifadhiwa katika ada, majengo na sheria, na si katika methali. Ya tatu ni kwamba maadamu ada na majengo hayo yanatoweka, lugha inabaki bila ya msamiati wa kulisemea jambo ambalo leo ni la kufa na kupona.

Bahari katika methali

Mtu akizikusanya pamoja methali zinazotaja maji atagundua upesi kuwa maji yake si ya aina moja. "Maji yakijaa hupwa" ni maji ya bahari. "Maji mafu, mvuvi kafu" ni maji ya bahari pia, na haifahamiki ila kwa anayejua kuwa bamvua na maji mafu hufuata mwandamo wa mwezi. "Maji usiyoyafika hujui wingi wake" na "Ukiyavulia maji nguo sharti uyaoge" zaweza kuwa za bahari au za mto, lakini katika hali zote mbili maji ni makubwa kuliko mtu. "Maji hufuata mkondo" ni ya mto au ya mlangobahari. Katika zote hizi maji ni nguvu iliyokwisha kuwapo, isiyopungua wala kuongezeka kwa tendo la binadamu. Mtu hushauriwa ayaogope, ayasubiri, ayapime au ayakubali. Hashauriwi ayatunze, kwa sababu bahari haihitaji kutunzwa na mvuvi mmoja mwenye ngarawa.

Sasa na zilinganishwe na methali za uwekevu. "Chovya chovya humaliza buyu la asali." "Bandu bandu huisha gogo." "Haba na haba hujaza kibaba." Hizi ni methali za hesabu. Asali ina buyu lake, gogo lina urefu wake, nafaka ina kibaba chake. Kila kimoja kina mpaka unaoonekana, na kila tendo dogo la mtu huacha alama yake. Anayeitunga methali ya namna hii anaujua uchumi wa nyumbani, na anajua kuwa uharibifu mkubwa huja kidogo kidogo bila ya mtu mmoja kuonekana kuwa ndiye mharibifu.

Jambo la kustaajabisha ni kuwa fikra hii ya hesabu, ambayo ingefaa mno kwa kisima, haikutiwa kisimani. Katika methali zinazojulikana zaidi ni taabu kuipata inayosema juu ya maji lile linalosemwa na buyu juu ya asali. Iliyo karibu ni "Maji ya kifuu ni bahari ya chungu", ambayo yajua kuwa wingi na uchache wa maji hutegemea ni nani anayeyatazama. Lakini hata hiyo hutumika kuzungumzia udogo wa mtu na dunia yake, wala haiulizi kifuu kitakauka lini.

Kwa nini ikawa hivyo? Jawabu lisitafutwe katika tabia ya Mswahili, kana kwamba yeye kwa asili ni mfujaji. Litafutwe katika mgawanyo wa kazi. Methali iliyopata sifa ni ile iliyotamkwa barazani, chomboni na sokoni, na wenye kusema mahali hapo walikuwa manahodha, wavuvi, wafanyabiashara na masheha. Bahari ilikuwa ndiyo kazi yao. Kisima kilikuwa kazi ya wanawake na watoto, na katika miji ya mawe kabla ya utumwa kupigwa marufuku, mwaka 1907 katika pwani ya Kenya, kilikuwa kazi ya watumwa. Aliyeyanywa maji na aliyeyateka hawakuwa mtu mmoja. Mnywaji aliletewa maji katika mtungi, akachotewa kwa kata, na hakuona kamba ikizidi kurefuka wakati wa kiangazi. Aliyeiona kamba hiyo hakukaa barazani. Si ajabu basi kuwa mikusanyo yetu, ambayo kwa sehemu kubwa ni mikusanyo ya maneno ya baraza, ina bahari nyingi na kisima kidogo.

Mchimba kisima

Ipo hata hivyo methali moja iliyo ya kisima waziwazi: "Mchimba kisima huingia mwenyewe." Maelezo ya kawaida huifanya kuwa sawa na ile ya mchimba shimo. Husemwa kwamba mtu anayemtegea mwenziwe hila hunaswa nayo yeye. Maana hiyo ipo katika matumizi, na si kazi ya uhakiki kuifuta. Lakini kisima si mtego. Hakuna achimbaye kisima ili kumdhuru mtu, na msikilizaji wa kale aliyekunywa maji ya kisima kila siku hangeweza kulisahau hilo.

Hapa maana ya nje inadai haki yake. Katika ardhi ya mawe ya matumbawe, kama ile iliyotanda sehemu kubwa ya pwani ya Kenya, kisima huchimbwa kwa mkono. Mchimbaji huingia ndani na kushuka pamoja na kazi yake, akipasua mwamba na kuupeleka juu kwa kikapu, na kina cha kisima ndicho kina cha hatari yake. Kwa tafsiri hii methali haimsemi mwovu. Yamsema kila mwenye kufungua chanzo cha maji, kwamba hawezi kukaa nje ya alilolianzisha. Atendalo kwa maji atalishiriki yeye mwenyewe, kwa heri au kwa shari.

Yamkini itapingwa kuwa hii ni tafsiri ya kulazimisha, na kwamba methali hufasiriwa kwa mujibu wa wanaoitumia. Pingamizi hilo ni la haki. Lakini matumizi hubadilika pamoja na maisha ya watumiaji. Msemaji ambaye hajapata kuona mtu akichimba kisima hana budi kukigeuza kisima kuwa shimo tu, na shimo kuwa mtego. Kufinyika kwa maana ya ndani kumetokana na kufa kwa maana ya nje, na hiyo ndiyo hasara iliyotajwa mwanzoni.

Birika, mfereji na mtungi

Hali hii haikuzifika methali peke yake. Maneno yenyewe ya maji yamehama. Birika katika nyumba kongwe za Lamu na misikiti ya pwani ni hodhi la kuhifadhia maji lililojengwa kwa mawe na chokaa. Maji yalitoka kisimani, yakapita katika michirizi hadi birikani, na humo walifugwa samaki wadogo waliokula viluwiluwi vya mbu. Aghalabu bakuli la kauri liliwekwa katika sakafu ya birika, na maji yalipopungua samaki walipata mahali pa kubakia. Huu ni usanifu wenye hekima. Mjenzi alijua kuwa maji yatapungua, na akajenga kwa kuitazamia siku hiyo. Leo kwa wasemaji wengi wa Kiswahili nchini Kenya birika ni chombo cha chai. Hilo ni neno jingine lenye asili nyingine ya Kiarabu, lakini kufanana kwa sauti kumetosha kulizika la kwanza.

Mfereji nao, ambao katika Kiswahili sanifu ni njia ya maji iliyochimbwa ardhini, katika mazungumzo ya Kenya umekuwa jina la bomba. Mtu husema "maji ya mfereji" akiwa na maana ya maji yatokayo ukutani kwa kufungua koki. Mtungi, uliokuwa chombo cha udongo cha kupozea maji, sasa ni dumu la plastiki la lita 20 linalopangwa juu ya mkokoteni na kuuzwa mitaani mifereji ikikauka. Maneno haya matatu, yakiwekwa pamoja, yasimulia historia nzima. Maji yalitoka katika hifadhi ya nyumba na msikiti, yakaingia katika mabomba ya serikali, na mabomba yaliposhindwa yakaingia katika biashara ya mkokoteni.

Mji wa Mombasa ni mfano ulio dhahiri. Tangu miaka ya 1920 kisiwa hicho kimekuwa kikiletewa maji kutoka Marere katika milima ya Shimba, na katika miaka ya 1950 bomba la chemchemi za Mzima lilijengwa kutoka Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200. Maji ya Mzima hutokana na mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu na kuchujwa katika mwamba wake wa volkano. Mkazi wa Mombasa anayafungua maji hayo bila ya kuiona Chyulu. Mteka maji wa zamani aliona ukingo na kina cha kisima chake, na akajua mwezi upi kamba iongezwe pingili. Mwenye mfereji haoni kitu mpaka siku mfereji unapotoa hewa tupu. Kwa hiyo mahitaji ya lugha yamegeuka. Zamani jicho lilifanya kazi ambayo methali haikulazimika kuifanya. Leo jicho halifiki kwenye chanzo, na lugha haijaichukua kazi hiyo.

Gedi na Shela

Kuna mahali pawili katika pwani ya Kenya ambapo maana ya nje ya methali hizi yaweza kusomwa ardhini. Pa kwanza ni Gedi, mji wa mawe ulioko kusini ya Malindi, uliofukuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024. Mji huo ulikuwa na visima vingi, katika nyumba na misikiti, na ulihamwa kufikia karne ya 17. Wanaakiolojia hutaja sababu kadha wa kadha, zikiwamo vita, mabadiliko ya biashara baada ya Wareno kuja na kusogea kwa watu kutoka kaskazini. Miongoni mwazo hutajwa pia kushuka kwa maji ya ardhini, kwa ushahidi kuwa kisima cha karibu na msikiti mkuu kiliongezwa kina. Hakuna awezaye kusema kuwa maji peke yake ndiyo yaliyouhamisha mji. Lakini yule aliyeshuka tena kisimani kuongeza kina ni mchimba kisima aliyeingia mwenyewe, na mji wake ukaingia pamoja naye.

Pa pili ni Shela katika kisiwa cha Lamu. Vilima vya mchanga vya Shela huyanywa maji ya mvua na kuyahifadhi chini, na mji wa Lamu huyategemea maji hayo. Katika kisiwa cha namna hiyo maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kidogo. Wataalamu hukadiria kuwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba mita kama 40 nyingine chini ya usawa huo. Kwa hiyo kiwango cha juu kikishuka kwa mita moja tu kwa sababu ya kutekwa kupita kiasi, mpaka wa chumvi huweza kupanda kwa mita kama 40. Chumvi ikiisha kuingia kisimani haitoki upesi. Ujenzi wa nyumba juu ya vilima hivyo umekuwa jambo la mabishano kwa miaka mingi, na mabishano hayo si ya mandhari tu. Anayejenga juu ya mchanga huo anajenga juu ya mtungi wa mji mzima.

Mwenye kuyajua haya hawezi tena kuisoma "Maji yakimwagika hayazoleki" kama habari ya kijana mwenye pupa peke yake. Wala "Chovya chovya humaliza buyu la asali" haiwezi kubaki katika asali. Katika kisiwa cha Lamu kila ndoo ni mchovyo, na buyu lenyewe limekaa juu ya bahari.

Rasilimali na wakfu

Lugha ya leo ya serikali na mashirika haikukosa maneno ya maji. Inayo mengi: rasilimali za maji, usimamizi endelevu, hifadhi ya vyanzo. Mwaka 1974 serikali ya Kenya ilikusudia kuwa kila nyumba ipate maji safi karibu nayo ifikapo mwaka 2000. Mwaka huo ulifika na kupita, na azma haikutimia. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, ilimpa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 iliweka maji yote chini ya serikali ya taifa kama amana ya wananchi, na kuzitambua jumuiya za watumiaji maji. Haya ni maendeleo ya sheria yasiyodharauliwa. Lakini wahenga walikwisha kusema, "Ada ya mja hunena, mwungwana ni kitendo." Kaulimbiu ya "Maji ni uhai" hubandikwa ukutani mahali ambapo mfereji haujatoa tone kwa wiki mbili, na kaulimbiu isiyogusa tendo huwafunza wasomaji wake kutosikia.

Udhaifu wa msamiati huo si ugeni wake. Neno rasilimali limekuwamo katika Kiswahili cha wafanyabiashara tangu zamani, na maana yake ni mtaji, yaani kile ambacho mfanyabiashara hakili. Hula faida. Akianza kula rasilimali, wenziwe hujua kuwa duka limekwisha, hata kama rafu zingali zimejaa. Fikra hii ndiyo hasa inayohitajika. Maji yanayorudishwa na mvua ni faida, na maji ya ardhini yaliyolimbikizana kwa miaka mingi ni mtaji. Tatizo ni kwamba lugha ya ripoti imelichukua neno na kuiacha hekima yake dukani. "Rasilimali" imekuwa jina la kitu chochote kinachongoja kutumiwa, kinyume kabisa cha maana yake ya asili.

Neno la pili ni wakfu. Katika sheria ya Kiislamu kuweka wakfu ni kukizuia kitu chenyewe na kuyaachilia manufaa yake. Mfano wake mashuhuri ni kisima cha Ruma mjini Madina, ambacho Uthman bin Affan alikinunua ili Waislamu wote wateke bure. Visima vya misikiti ya pwani yetu ni watoto wa fikra hiyo. Mwenye kiu hakuulizwa kabila wala mali, na hapohapo mtu alifunzwa kutofanya israfu ya maji hata akitawadha kandokando ya mto. Wakfu haukuondoa matabaka. Tajiri alikuwa na kisima chake uani na mtumwa wa kumtekea. Lakini ulitenga angalau kisima kimoja kisichouzwa, na kuweka mtu wa kuulizwa juu yake. Jumuiya za watumiaji maji zinazotajwa na sheria ya 2016 zingeweza kueleweka upesi zaidi na mkazi wa Lamu au Malindi lau zingeelezwa kwa lugha ya wakfu na msimamizi wake, badala ya kuelezwa kwa tafsiri ya waraka.

Tamati

Haitakuwa haki kuzilaumu methali kwa kutosema yote. Methali si mwongozo wa kuchimba visima, na jamii iliyokuwa na birika, wakfu na adabu ya kisima haikuwa na haja ya kuyasema yote kwa maneno. Lawama, ikiwa ipo, iwaangukie wanaozihakiki na kuzifunza. Wamezirithi methali wakaziacha nyumba zake. Wamekusanya maneno ya baraza, na wameyakusanya kwa uchache maneno ya kisimani.

Kazi mbili zinangoja. Ya kwanza ni ya ukusanyaji: kwenda kwa wateka maji, hasa wanawake wazee wa visiwani na wa mashambani, kabla maneno yao ya kamba, kina na kiangazi hayajafuata birika. Ya pili ni ya ufundishaji: kuirudishia maana ya nje heshima yake, ili mwanafunzi anayeandika juu ya maji yaliyomwagika aulizwe kwanza yalitoka wapi, nani aliyateka, na yamebaki kiasi gani. Mwanafunzi anayeweza kujibu maswali hayo ataifahamu maana ya ndani bila ya kutafuniwa. Akirudi kwao Shela au Mombasa, atakuwa na neno la kusema siku watu wazima watakapokaa kujadili nani ajenge wapi, na nani achimbe kiasi gani.